Vikombe Sita vya Mzee Pua

Dunstan alikuwa na siri, na siri hiyo ilikaa katikati ya uso wake, mahali ambapo kila mtu aliitazama na hakuna aliyeiona. Pua yake ilikuwa imekufa. Kwa nje ilikuwa pua kamili, pana, yenye heshima zake, imekaa juu ya masharubu kama mgeni rasmi jukwaani. Kwa ndani ilikuwa kama ofisi ya serikali saa nane mchana: mlango wazi, taa zinawaka, koti liko kwenye kiti, mtu hayupo.

Ilianza Februari, kwa homa ya siku tisa. Homa ilipoondoka ilifungasha na harufu zote za nyumba. Kahawa, sabuni, ndizi zinazoiva, nywele za mkewe Euphrasia akitoka kusuka, vyote vikawa kitu kimoja, nacho ni hewa. Daktari alimwambia asubiri. Alisubiri miezi kumi, na katika miezi hiyo hakumwambia mtu, hata Euphrasia, aliyemwekea chakula mezani kila siku.

Kwa mtu mwingine hili lingekuwa jambo la kusikitisha tu. Kwa Dunstan lilikuwa janga la kikatiba. Kila Jumapili ya tatu ya Majilio, baada ya misa na baada ya wali, sebule yake ya Takoma Park, huko Marekani, iligeuka kuwa Baraza la Kuonja, na yeye alikuwa mwenyekiti wa maisha. Hakuchaguliwa kwa kura. Alichaguliwa kwa pua. Wenzake walimwita Mzee Pua, na walimwita hivyo hata mbele ya padri.

Baraza lilikuwa na historia yake. Zamani Dunstan aliwaendesha mzee mmoja Mbelgiji na mkewe kule Herndon, kwa miaka minane. Kila Desemba yule mzee alipanga mezani chupa sita za bia ambazo watengenezaji wa kwao hupika mara moja tu kwa mwaka, kwa ajili ya Krismasi: bia nzito, nyingi zikiwa nyeusi kama chai iliyosahauliwa jikoni, na baadhi zimetiwa viungo. Jioni moja dereva, akiwa amesimama mlangoni na funguo mkononi, alisema kwa adabu kwamba ile ya tatu ina maganda ya chungwa. Mzee akamwambia akae. Hakujua kwamba amemkalisha mtoto wa mpika mbege, pombe ya ndizi na ulezi, wa Kibosho, aliyekuwa akitumwa na mama yake kunusa ulezi uliochipua na kuja kusema kama umefika. Tangu siku ile dereva alikaa. Waajiri wake waliporudi kwao, yeye alihamia kazi ya kuwahudumia wazee kwenye makao yao, lakini desturi ya chupa sita alibaki nayo.

Na huko kazini, lazima isemwe, watu walimwomba arudie kila sentensi mara mbili kwa sababu ya lafudhi yake. Kwenye Baraza hakuna aliyewahi kumwomba arudie. Ndiyo maana Jumapili hiyo, alipokuwa akipanga viti, ndani ya soksi ya kulia alikuwa ameficha kikaratasi cha kuibia mtihani, kile ambacho Wakenya hukiita mwakenya. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na sita.

Wajumbe walifika saa tisa. Wa kwanza alikuwa Gichuki, fundi wa lifti, mtu mwembamba mwenye koti refu, aliyetembea kutoka kituo cha treni akiwa amekumbatia chupa kifuani ndani ya koti ili isipate baridi. Gichuki aliamini kwamba bia baridi ni uzembe. Kwao Nyeri, alisema, mhudumu mwenye malezi humuuliza mteja kwanza kama anataka baridi au ya moto, na muungwana hujibu ya moto.

"Nje kuna barafu, na wewe unaibeba kama mtoto mchanga," Dunstan alimwambia.

"Mtoto mchanga nani angemweka kwa friji?" Gichuki akajibu, akavua viatu.

Nyuma yake wakaja Kiplagat na mkewe Jeptoo, kutoka Lanham kwa gari. Kiplagat aliendesha basi la shule na alikuwa na sauti ya kuwanyamazisha watoto sitini bila kugeuka. Mikononi alibeba chupa kubwa ya lita moja na nusu, St. Bernardus ya Krismasi, kana kwamba amebeba kombe la mpira. Jeptoo alibeba Biblia na aproni. Alikuwa Msabato wa ukoo wa Wasabato, shemasi kanisani, mwanamke ambaye hata dawa ya kikohozi aliisoma kwanza kibandiko. Pombe haikuwahi kugusa midomo yake, na kwa sababu hiyo hiyo Baraza lilikuwa limemteua mwaka huu kuwa mmiminaji mkuu. Asiyekunywa hawezi kupendelea. Hakuna mahakama iliyowahi kupata hakimu safi kama huyo.

Masharti yalisomwa wajumbe wakiwa wima. Jikoni ni eneo la mtihani na Jeptoo peke yake ndiye anayeingia. Vikombe ni vyeusi, vya kahawa, tangu mwaka ule Gichuki alipogundulika kuwa anahukumu kwa rangi. Raundi ni sita. Jeptoo atachagua mwenyewe mpangilio na hatamwambia mtu.

"Nichague mwenyewe?" Jeptoo aliuliza.

"Mwenyewe kabisa, mama," Kiplagat akasema. "Sisi hatutaki kujua."

"Na nisiwaambie."

"Hata tukilia."

Jeptoo akafunga aproni, akaingia jikoni, akafunga mlango.

"Halafu kuna sharti jipya," Kiplagat aliendelea, akigawa karatasi na kalamu. "Kila mtu anaandika kwanza, kimya kimya. Mwisho tunasoma. Na Mzee Pua anasoma wa kwanza, kwa heshima."

Dunstan aliiweka kalamu chini. Mpango wake wote, alioutunga kwa wiki tatu, ulisimama juu ya kitu kimoja: kusema wa mwisho.

"Kwa heshima, mimi ningependa kuwasikiliza ninyi kwanza," alisema.

"Hapana. Mwaka jana uliposema wa mwisho tuliona aibu. Mwaka huu mwalimu anafungua."

Pembeni, kwenye kochi, Euphrasia alikuwa na ungo magotini akichagua mchele. Mchele wa Marekani hauna mawe, lakini Euphrasia hakuwa tayari kuliamini taifa lile kiasi hicho. Aliinua macho, akamtazama mumewe, akayarudisha kwenye ungo.

Raundi ya kwanza ililetwa kwenye sinia. Kiplagat aliingiza pua yake yote kikombeni, akafumba macho, akatikisa kichwa kama mtu anayesikia kwaya. Gichuki alinusa mara mbili fupi, kama anayekagua waya. Dunstan naye aliinamia kikombe chake, akavuta hewa kwa muda uliotosha kuheshimiwa, na hakupata kitu. Akanywa. Ulimi, aliamini, ungemsaidia. Ulimi bado ulijua utamu na uchungu, ulijua povu linavyochoma, na koo lilijua moto wa kileo ukishuka. Utamu ulikuwepo. Uchungu kidogo ulikuja nyuma. Kifua kikapata joto. Akaandika: tamu, nzito, ya moto.

Raundi ya pili ikaja. Utamu, uchungu kidogo nyuma, joto kifuani.

Akanywa tena. Kalamu ikasimama. Hazikuwa zinafanana tu. Zilikuwa moja.

"Eh," Kiplagat alisema, akiandika kwa kasi. "Hii sasa ni tofauti kabisa."

"Mchana na usiku," Gichuki akakubali. "Hii ya pili sipendi. Ina kitu kama kamba ya viatu."

Dunstan alitabasamu kama mtu anayejua kamba ya viatu ina ladha gani. Raundi ya tatu ilikuja, na ya nne, na kila moja iliuambia ulimi wake maneno yale yale kwa sauti ile ile. Wenzake waliugua, walicheka, waligombana kwa kunong'ona, walifuta na kuandika upya. Kiplagat alitangaza kwamba ya tatu imetiwa majani fulani ya mlimani. Gichuki alisema ya nne, kama ingekuwa binadamu, angempa mkono wa binti yake. Na kila walivyosema, Dunstan alizidi kuelewa jambo baya: kwamba baada ya pua, sasa ulimi nao umemtoka. Alikuwa amebakiza chombo kimoja tu, na chombo hicho kimezima mbele ya watu, Jumapili ya Majilio.

Ilipokuja ya tano aliinama kujikuna mguu, akaichomoa mwakenya. Alinakili kwenye karatasi yake yote yaliyokuwamo. Ile yenye chungwa na zaatari, ile nyekundu yenye tembo kwenye chupa, ile ya mji wa Mechelen yenye utamu wa asali. Mistari sita, kila mmoja uwongo, kila mmoja kwa mwandiko mzuri. Raundi ya sita aliimeza bila kuisikiliza.

"Kalamu chini," Kiplagat akasema.

Zikawekwa chini.

"Kabla Mzee Pua hajasoma," Kiplagat akasema, na sauti yake ya basi ikapungua, "niseme kitu kidogo. Gichuki, usicheke."

"Sijafungua mdomo."

"Nilipofika nchi hii, miezi minne ya kwanza hakuna mtu aliniuliza naonaje. Waliniuliza karatasi ziko wapi. Waliniuliza kama naweza kuinua kilo ishirini. Halafu nikaja kwa hii nyumba, sijui mtu, nimevaa jaketi ya Jeptoo. Huyu mzee akanipa kikombe, akaniuliza, unasikia nini hapo ndani? Nikamwambia nasikia pombe. Akasema, hapana, kaa nayo, usikimbie. Alinisubiri karibu dakika kumi. Mwisho nikasema inanuka sukari iliyoungua, na akaandika. Aliandika jina langu na akaandika nilichosema." Kiplagat akakohoa. "Ilikuwa mara ya kwanza hapa Marekani mtu kuandika kitu nimesema. Kwa hivyo asante, mzee. Sasa soma."

Dunstan alishika karatasi yake. Mistari sita ilimtazama. Alisafisha koo, akafungua mdomo kusoma wa kwanza, na mdomo ukakataa kazi. Angeweza kuidanganya kamati. Angeweza, alijijua, kumdanganya hata padri kidogo, kwa sababu nzuri. Lakini mbele yake aliketi mtu aliyejifunza kwake kwamba mtu husema anachokisikia na si anachotarajiwa kusikia, na mtu huyo alikuwa amekaa mbele kwenye kiti kama mwanafunzi wa kidato cha kwanza.

Aliikunja karatasi mara mbili.

"Mimi," alisema, "nimeona zote sita ni moja."

Mikono ya Euphrasia ikasimama juu ya ungo.

"Moja kivipi?" Gichuki akauliza.

"Moja. Ya kwanza ni ya pili, ya pili ni ya sita. Hakuna tofauti yoyote."

Kiplagat alicheka, kisha akaona hakuna anayecheka naye, akaacha. Dunstan alivuta pumzi ili amalizie, aseme na la Februari, na hapo mlango wa jikoni ukafunguka. Jeptoo alitokeza akifuta mikono kwenye aproni.

"Lakini si ni moja kweli?" alisema.

Wanaume watatu waligeuka.

"Mama," Kiplagat alisema polepole, "ulimimina kutoka chupa gani?"

"Ile kubwa. Yako."

"Raundi gani?"

"Zote. Nilifungua hiyo kubwa kwanza kwa sababu ilikuwa inajaza meza. Sasa imefunguliwa, nifungue ingine ya nini? Mtu anafungua paketi sita za maziwa ili aweke vijiko viwili viwili? Iliyofunguliwa inamalizwa kwanza. Na nimeimalizia vizuri, haikubaki hata tone. Hizo zingine ziko salama, hazijaguswa."

"Lakini tunalinganisha," Gichuki alisema, kwa sauti ya mtu aliyekwama kwenye lifti yake mwenyewe.

"Mliniambia nichague mwenyewe na nisiwaambie. Nikachagua." Jeptoo aliwatazama mmoja mmoja, bila hatia hata chembe. "Nilidhani mnalinganisha maneno. Kila mwaka Kiplagat anarudi nyumbani na maneno."

Gichuki aliangalia karatasi yake, ambapo raundi ya pili ilikuwa kamba ya viatu na raundi ya nne ilikuwa mkwe. Kiplagat aliisoma yake kimoyomoyo, midomo ikicheza, akafika kwenye majani ya mlimani, akaigeuza juu chini. Halafu, taratibu, wote wawili wakainua vichwa na kumtazama Dunstan, na kilichokuwa machoni mwao kilikaribia ibada.

"Peke yake," Kiplagat alinong'ona. "Kati yetu sote, peke yake."

"Tena akasema bila kuogopa," Gichuki alisema. "Sisi tunaandika hadithi, yeye anasema moja. Pua gani hiyo, jamani?"

Kiplagat alikuwa ameshasimama kumpa mkono. Hivyo ndivyo Dunstan alivyojikuta ameletewa, kwenye sinia, bila kuomba, ushindi mkubwa kuliko yote katika historia ya Baraza. Hakuhitaji kusema neno. Alihitaji tu kushusha macho kwa unyenyekevu na kuushika mkono ule, na angekuwa Mzee Pua hadi kaburini, na pengine wangeliandika jina hilo kwenye msalaba.

Alitaka sana kuushika. Isisemwe kwamba hakutaka.

"Kaa chini, Kiplagat," alisema. "Pua haipo."

Akawaambia. Aliwaambia Februari, siku tisa, daktari, ulimi. Akaikunjua mwakenya akaiweka mezani kati ya vikombe, na hilo lilikuwa gumu kuliko yote, kwa kuwa ilikuwa imechukua umbo la kifundo cha mguu. "Nimeona ni moja kwa sababu kwangu mimi kila kitu ni kimoja," alimaliza. "Hata kama Jeptoo angefungua zote sita, pengine ningesema hivyo hivyo. Au ningewasomea hii. Kiti hiki si changu tena. Nawaomba radhi."

Gichuki aliichukua mwakenya, akaisoma mbali na macho, kama fundi anayesoma kazi ya fundi mwingine.

"Mwandiko safi," alisema. "Shule gani?"

"Gichuki," Kiplagat alionya.

"Nauliza tu. Kwetu mtu alikuwa anafukuzwa shule kwa kitu kibovu kuliko hiki." Akaiweka chini. "Mimi pua yangu ni nzima, na nimekunywa kikombe kimoja mara sita nikaozesha binti. Tukianza kuondoa watu kwenye viti, nitaanza kuondoka mimi."

"Na mimi," Kiplagat akasema. "Hakuna mtu anaondoka. Lakini mzee, ulimi wako hauna shida. Ulimi wako ndio pekee umesema ukweli leo."

Dunstan hakuwa amelifikiria hilo. Alilifikiria sasa, polepole. Ulimi ulikuwepo. Ulikuwa umekaa kazini muda wote, mwaminifu, ukirudia ripoti ile ile kwa sababu ripoti ilikuwa ile ile.

Akageuka kwenye kochi. Hili ndilo alilokuwa akiliogopa zaidi.

"Mama Vaileth," alimwita mkewe kwa jina la mtoto wao. "Samahani. Wewe nilipaswa kukuambia kwanza."

"Nilijua," Euphrasia alisema, akitoa punje moja ya mchele isiyo na kosa lolote.

"Ulijua nini?"

"Machi. Maziwa yaliharibika, nyumba nzima inanuka, wewe ukayatia kwenye chai ukanisifu."

"Mbona hukusema?"

"Wewe ulisema?" Aliuweka ungo pembeni. "Nilimuuliza nesi mmoja parokiani. Akaniambia pua ikilala, ulimi unabaki na vitu vyake vichache, basi mpe hivyo. Ndiyo maana unakula ndimu. Ndiyo maana tangawizi inaisha kila wiki, na pilipili, na karanga za kukaanga juu ya mchicha, usikie hata zikivunjika mdomoni. Au ulidhani nimebadili kabila?"

Kwa miezi tisa, kila jioni, Dunstan alikuwa amemshukuru Mungu kimoyomoyo kwamba, hata kama harufu zimekwenda, chakula cha nyumbani kwake bado kina kitu ndani yake. Alikuwa ameichukulia kuwa neema ya jumla, inayowashukia wagonjwa wote kwa usawa. Sasa aliiona ilivyopikwa: ndimu moja moja, kipande kimoja kimoja cha tangawizi, na mwanamke aliyerudi kutoka zamu ya saa kumi na mbili akasimama kukaanga karanga bila kusema ni za nini. Shukrani zake hazikupotea, alijiambia. Zilikuwa zimepita juu kidogo tu ya kichwa cha mhusika.

"Asante," alisema. Neno lilionekana dogo. Akalisema tena, kwa Kichaga, na Euphrasia akatazama pembeni na kusema kwamba mchele wa usiku haujichagui wenyewe.

"Kwa hivyo zile tano," Jeptoo aliuliza kutoka mlangoni, akiwa na kifunguzi mkononi, "nifungue au nisifungue? Maana sasa kubwa imekwisha."

"Fungua, mama," Kiplagat akasema. "Moja moja. Na hii mara tuambie ni gani."

Aliwaletea Scaldis Noël, moja ya zile tano, na hakuna aliyekumbuka vikombe vyeusi. Ilimiminwa kwenye bilauri, nyekundu ya kahawia, povu likapanda na kutulia. Dunstan alinywa kwanza, kwa kuwa mwenyekiti bado ndiye mwenyekiti, akasema alichokisikia na si zaidi: utamu mwingi kuliko ile kubwa, uchungu mdogo, moto unaofika hadi masikioni. Kisha akaisukuma bilauri kwa Kiplagat.

"Mimi nimemaliza upande wangu. Wewe unasikia nini hapo ndani?"

Kiplagat aliinama. Safari hii hakufumba macho wala kutikisa kichwa. Alikaa nayo. Gichuki alifungua mdomo na Dunstan akamwinulia kidole, na dakika zikapita, na hakuna aliyezihesabu.

"Sanduku," Kiplagat alisema mwisho, kama anayeona aibu. "Sanduku langu la bati, la bweni. Nikifungua kifuniko."

"Siku ya kufungua shule au ya kufunga?" Dunstan akauliza.

"Ya kufungua. Keki ya mama bado iko ndani, amefunga na gazeti."

"Keki ya nini?"

"Ya zabibu. Imeungua kidogo chini."

Dunstan aliitwaa bilauri, akaivuta karibu, akainamisha kichwa juu yake. Hakunusa chochote. Lakini sanduku aliliona, na kifuniko kikiinuka, na gazeti lililoloa mafuta.

"Endelea," alisema, akachukua kalamu. "Na chini ya keki kuna nini?"